Msianze na mnara: namna ya kulitembelea tanuri la chuma la Hopewell

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Tunaishi Philadelphia na wanangu wawili, mmoja ana miaka 9, mwingine 14. Mwaka jana niliwapeleka kuona tanuri la zamani la kuyeyushia chuma. Tulikuta mnara wa mawe, ubao wa maelezo na uzio. Baada ya dakika kumi mkubwa akaniuliza, 'Mama, ndiyo hii tu?' Sasa tunafikiria kwenda Hopewell, ambako nasikia limekarabatiwa. Niwaonyeshe nini ili yasijirudie? Tena, likishakarabatiwa linabaki la zamani kweli, au tutakuwa tunaangalia maigizo?"

Marahaba, mwanangu. Hilo "ndiyo hii tu?" nalijua, maana niliwahi kulisema mwenyewe. Nilikuwa nimeshamaliza masomo ya metali, nimebeba na kamera, nikasimama mbele ya tanuri langu la kwanza la mawe. Nikachungulia kwenye upinde, nikaona giza na kinyesi cha ndege, nikapiga picha mbili, nikaenda kutafuta chai. Nilifika pale nisilione tanuri.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ule mnara ndio tanuri lenyewe. Mnara ni kifua tu. Mapafu yake yalikuwa ya mbao na ngozi, na koo lake lilikuwa daraja la mbao kule juu. Mbao huoza, ngozi huliwa na panya, mfereji hujaa matope, jiwe hubaki. Kwa hiyo ukienda kwenye gofu, unachokuta ni kile kilichoshindwa kuoza, na watoto wako walikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Hopewell wamerudisha mapafu. Ndiyo maana ushauri wangu wote kwenu ni mmoja: fuateni upepo, mnara muuache mwisho.

Kwanza mjue mnakokwenda. Hopewell iko karibu na Elverson, kaskazini-magharibi mwa Philadelphia, kando ya kijito cha French Creek. Mark Bird alilijenga tanuri mwaka 1771, Pennsylvania ikiwa bado koloni la Mwingereza. Wakati wa vita vya uhuru lilisubu, yaani lilimimina kwa chuma kilichoyeyuka, mizinga na risasi zake. Bird alikopesha nchi kuliko alivyolipwa, akafilisika, tanuri likamponyoka. Kuanzia mwaka 1800 likawa mikononi mwa Daniel Buckley na ndugu wawili wa ukoo wa Brooke, na miaka yake minono ni ile ya 1820 hadi 1840, ambapo kazi kubwa ilikuwa majiko ya chuma ya kupashia nyumba joto. Moto wa mwisho ulizimwa mwaka 1883. Serikali ya Marekani ilinunua eneo mwaka 1935 ikiwaza mahali pa mapumziko tu. Walipotazama vizuri kile kilichokuwa kimesimama msituni, wakapatangaza kuwa mahali pa kihistoria pa taifa mwezi Agosti 1938. Historia inatosha, mengine mtayasoma pale kituo cha wageni.

Sasa matembezi. Kituo cha wageni kiko juu ya kilima, na njia inateremka kuelekea kijijini. Watoto watataka kukimbilia chini kwenye gurudumu la maji. Wazuie. Nendeni kwanza kwenye ghala la mkaa, lile banda kubwa lililo upande wa juu wa tanuri, usawa mmoja na mdomo wake. Tanuri lilijengwa limeegemea mteremko kwa makusudi, ili watu wapitishe mizigo kwenye daraja na kuimwaga kwa juu, badala ya kuipandisha. Mtoto wa miaka 9 aambiwe hivi: hili ni jiko linalolishwa kwa utosi na kukamuliwa kwa miguu. Hapo hatalisahau.

Wajazaji walikuwa wakivuka lile daraja usiku na mchana, wakimwaga vitu vitatu kwa zamu: mkaa, mawe ya chuma, na mawe ya chokaa. Hapakuwa na Jumapili. Tanuri likishawashwa lilikwenda miezi mfululizo, kwa sababu likipoa na chuma ndani, ule mchanganyiko huganda kuwa pande moja, na kulitoa ni kulibomoa tanuri. Nilimsikia mlinzi mmoja wa hifadhi akiwaambia wageni wafumbe macho wawaze moto unaotoka mdomoni humo usiku, ukionekana kutoka mbali. Mimi nawaza zaidi yule mjazaji wa zamu ya saa nane usiku, mwezi Februari, mgongo ukiganda kwa baridi na uso ukiungua.

Mkaa ndio uliokuwa ukila nchi. Tanuri la Hopewell lilimeza besheli zipatazo 800 kwa siku, yaani karibu lita 28,000. Kwa matanuri ya aina hii hesabu ya kawaida ni ekari moja hivi ya msitu kila siku. Wanao wakiuliza kwa nini pale hakuna mji mkubwa, jibu ni hilo: tanuri lilihitaji kuzungukwa na maelfu ya ekari za miti, na waliokuwa wengi katika kazi ya chuma hawakugusa chuma. Walikuwa wakata kuni na wachoma mkaa.

Sasa teremkeni kwenye gurudumu. Lina kipenyo cha futi 22, zaidi ya mita sita na nusu. Msisimame mbele yake. Simameni ubavuni, pale linapounganika na mitambo. Mtaona mkono unaogeuza mzunguko kuwa kupanda na kushuka, na mapipa mawili makubwa ya mbao. Hayo ndiyo mapafu. Ndani ya kila pipa kuna pistoni: moja ikipanda, nyingine inashuka, na upepo unasukumwa kwenye bomba bila kukatika. Kazi yake ni ile ile ya mivukuto ya mhunzi, ila hapa anayevukuta ni mto. Likiwa linazunguka siku mtakayofika, nyamazeni dakika mbili. Msikilize mbao zinavyolalama, kisha ule mhemo. Wakati wa kazi, sauti hiyo ndiyo iliyomwambia fundi mkuu akiwa kitandani kwamba mambo ni salama. Ikinyamaza, aliamka.

Lifuateni bomba mpaka linapoingia kwenye ukuta wa mawe. Hapo ndipo mahali pa maana kuliko pote Hopewell, na watu wengi wanapapita. Ni tundu tu. Mkubwa wako wa miaka 14 msimamishe hapo, kwa kuwa kemia yote iko hapo.

Mwambie jiwe la chuma ni chuma kilichoshikwa na oksijeni, kama kutu ya msumari. Kuliyeyusha tu jiwe hilo hakukupi chuma. Lazima oksijeni iondolewe. Upepo unaoingia kwenye lile tundu unakutana na mkaa unaowaka, na kwa kuwa mkaa ni mwingi kuliko hewa, inazaliwa gesi ya kaboni monoksidi. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Inamuua mtu kwa kuwa inashika damu mahali pa oksijeni. Ndani ya tanuri ina uroho wa namna yake, inapanda juu katikati ya mawe na kuyanyang'anya oksijeni yao. Chuma kilichobaki kinashuka polepole, kikifyonza kaboni njiani. Na hapa pana jambo linalonifurahisha kila mwaka ninapolifundisha: chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, joto ambalo mafundi wale wangepata shida kulifikia. Kikishafyonza kaboni kama asilimia nne, kinayeyuka kwenye nyuzi 1150 hivi. Mkaa ulikuwa moto, ulikuwa mnyang'anyi, na ulikuwa chumvi iliyokilainisha chuma. Kazi tatu kwa kitu kimoja.

Chokaa nayo ilikuwa mfagiaji. Ilishikana na mchanga na uchafu wa mawe, vikawa uji mmoja unaoelea juu ya chuma kwa sababu ni mwepesi. Uji huo ukipoa ndio tunaouita mavi ya chuma. Waambieni watoto jina hilo kwa Kiswahili, watacheka, kisha watafuteni vipande vyake ardhini, maana pale viko vingi. Vingine ni kama vioo, vya buluu, vya kijani, vyenye mapovu ndani. Fundi mkuu hakuwa na kipimajoto. Alisoma rangi ya moto kule juu na rangi ya huo uji kule chini. Ukitoka mweusi mzito, alijua chuma kinapotelea kwenye uchafu, akaagiza mawe yapunguzwe au mkaa uongezwe. Kila kipande cha kioo hicho ni ripoti ya maabara ya siku fulani. Mkiangalie, mkipige picha, mkirudishe chini. Kuondoka na kitu chochote kutoka kwenye hifadhi ya taifa ni kosa kisheria, hata kama ni taka ya miaka 180.

Bebeni sumaku ndogo. Mawe ya chuma yaliyotumika hapa yalitoka kwenye migodi ya jirani, kama Jones na Warwick, na mengi ni ya aina inayonaswa na sumaku. Mwombeni mlinzi wa hifadhi ruhusa ya kujaribu kwenye mawe ya maonyesho. Mtoto wa miaka 9 ataelewa kwa sekunde moja tofauti ya jiwe la chuma na jiwe la kawaida, jambo ambalo mimi nimekuchosha nalo aya nzima.

Ndipo sasa mwingie kwenye jengo la kusubia, mbele ya upinde wa tanuri. Sakafu yake ni mchanga. Chuma kilikuwa kikifunguliwa kama mara mbili kwa siku na kukimbia kwenye mfereji wa mchangani, kikigawanyika kwenye vijitaro vya pembeni. Waingereza walioitazama picha hiyo waliona nguruwe jike amelala ananyonyesha watoto wake, na mpaka leo vile vipande vya chuma ghafi kwao vina jina la nguruwe. Lakini Hopewell haikuishi kwa nguruwe peke yake. Mafundi wa kalibu walichota chuma cha moto kwa miko mirefu na kumimina kwenye kalibu za mchanga, wakatoa mabamba ya majiko, vyungu na vyombo vingine. Kituo cha wageni kina majiko hayo; mkiwa hapo, pitisheni macho kwenye michoro yake. Ule ukingo wa ua uliotokeza vile ulikuwa kwanza umechongwa kwenye mti, ukagandamizwa mchangani, ukajazwa chuma. Ukiona kona imefifia, ujue mchanga ulibomoka kidogo na fundi hakujali, au alijali akachelewa.

Kama ratiba inaruhusu, nendeni majira ya joto siku yenye maonyesho ya kusubu. Wanatumia alumini badala ya chuma, kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu na haihitaji tanuri zima. Asije mtu akakwambia ni udanganyifu. Mchanga ni ule ule, mikono inafanya yale yale, na pumzi za watazamaji zinakatika vile vile pale kalibu inapofunguliwa.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili, la zamani na maigizo. Nitakujibu bila kuzunguka. Sehemu ya mawe ya mnara ni ya asili, ingawa imetengenezwa. Jumba la bwana wa chuma, yaani mkuu wa tanuri, ni la asili. Jengo la kusubia limejengwa upya, gurudumu ni jipya, ghala la mkaa limerudishwa, na kuna nyumba ambazo misingi yake tu ndiyo iliyobaki. Waliokarabati walichagua pia wakati: unachokiona kinakusudia kufanana na kijiji cha miaka ya 1820 hadi 1840, kwa hiyo vitu vya baadaye havipewi nafasi sawa. Huo ni uchaguzi, na una gharama yake.

Ila angalia kitu kimoja. Karibu kila kilichojengwa upya ni cha mbao, na cha mbao ndicho kilichokuwa kikisogea. Hata wakati wa Brooke gurudumu lilibadilishwa kila lilipooza. Halikuwahi kuwepo gurudumu moja "la asili" lililokaa miaka mia. Kwa hiyo mimi nikiulizwa nichague kati ya gofu safi lisilopumua na tanuri lenye mapafu mapya, nachagua mapafu, mradi niambiwe wazi kipi ni kipi. Fanyeni uwe mchezo: kila mtoto akisie lipi la asili, kisha mmuulize mlinzi. Mara ya mwisho nilipocheza hivyo nilikosa mawili, na mimi ndiye mtaalamu.

Jumba la bwana wa chuma mlipe dakika kumi. Duka la kijiji lipeni zaidi, maana kule ndiko maisha yalikoandikwa. Mfanyakazi alikuwa na ukurasa kwenye kitabu cha hesabu: upande mmoja kazi yake, upande mwingine unga, kitambaa na viatu alivyochukua. Wengine mwaka uliisha wakidaiwa.

Na huyo wa miaka 14 usimfiche upande mwingine. Mark Bird alikuwa na watumwa Waafrika, na mikono yao imo kwenye mawe ya mwanzo ya mahali hapo. Mwaka 1780 Pennsylvania ilipitisha sheria ya kukomesha utumwa polepole mno: aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa, na mtoto aliyezaliwa baada ya sheria alitumikia mpaka miaka 28. Baadaye, katika karne ya 19, watu weusi huru, na wengine waliokimbia utumwa wa kusini, walipata kazi ya ujira Hopewell, na majina yao yamo kwenye vile vitabu vya hesabu pamoja na wengine. Mwulizeni mlinzi awaonyeshe. Kwa watoto kama wanao, hiyo ndiyo sehemu watakayoizungumza njiani wakati wa kurudi.

Atauliza pia kwa nini lilikufa. Mkaa ni dhaifu. Ukiurundika sana unasagika kwa uzito wa mawe na kuziba njia ya upepo. Kwa hiyo tanuri la mkaa haliwezi kurefushwa utakavyo. Abraham Darby alikwisha kuonyesha huko Coalbrookdale, Uingereza, mwaka 1709, kwamba makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza yanaweza kufanya kazi hiyo, nayo yanastahimili uzito. Mwaka 1828 Mskoti James Neilson akasajili uvumbuzi wa kupasha upepo moto kabla haujaingia. Pennsylvania yenyewe ilikuwa na makaa magumu ya mawe tele, na kufikia mwaka 1840 yalikuwa yakiyeyusha chuma huko Catasauqua. Hopewell nao walijaribu, wakajenga tanuri la makaa ya mawe mwaka 1853, likawashinda, wakarudi kwenye mkaa wao na upepo wao wa baridi. Miaka 30 zaidi. Kwa biashara ni ukaidi, kwetu sisi wapenda matanuri ni bahati.

Ya safari ni machache. Hakuna kiingilio, lakini siku za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo angalieni ratiba rasmi kabla ya kuondoka. Mtahitaji gari. Vaeni viatu vya kutembelea kilimani, bebeni chakula chenu, na mjipe saa tatu. Septemba na Oktoba kuna shamba la matufaha ya mbegu za kale ambako wageni huruhusiwa kuchuma, na kwa mtoto wa miaka 9 hilo linaweza kushinda hotuba yangu yote. Mkiwa na siku ya pili, endesheni magharibi mpaka Cornwall, wilaya ya Lebanon. Tanuri lile lilianzishwa na Peter Grubb mwaka 1742, likazimwa 1883 kama mwenzake, ila lenyewe lilifungwa na kuachwa na majengo na mitambo yake ndani. Hapo mtaona kisichojengwa upya, na mtaweza kuamua wenyewe kipi kimewagusa zaidi.

Kabla ya kuondoka Hopewell, ingieni kidogo kwenye njia za msituni, upande wa French Creek State Park. Tafuteni mahali ambapo mteremko unakatishwa na uwanja mdogo wa duara, tambarare, kama mtu alisawazisha sakafu ya nyumba akasahau kujenga. Hapo ndipo wachoma mkaa walipopanga magogo, wakayafunika majani na udongo, wakakesha siku kumi hadi kumi na nne. Mchoma mkaa alikuwa akitembea juu ya lundo linalofuka, akikanyaga kutafuta palipolegea apazibe kabla moto haujatokeza na kumteketezea kazi ya wiki mbili. Msichimbe. Tazameni tu pale maji ya mvua yalipokata ukingo wa njia: udongo wa msitu ni kahawia, halafu ghafla, kwa hatua kumi hivi, ni mweusi tititi, halafu kahawia tena.